Wanamichezo wa vyuo vikuu wanahitaji kanuni, si mawaidha

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinapowapokea wanafunzi wapya, husikika mawaidha yale yale. Wazazi, walimu na jamaa humgeukia kijana aliyekuja na viatu vya mbio au jezi ya raga mkobani na kumkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wengine humwongezea kisa cha fisi aliyetaka kuzifuata njia mbili kwa wakati mmoja hadi akapasuka msamba. Mawaidha hayo hutolewa kwa nia njema, wala sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa muda wa kutosha kuniwezesha kusema kwamba methali hizo sasa zimegeuzwa kisingizio. Tunazitumia kumtwika kijana wa miaka kumi na minane lawama ambazo kwa haki zingewaendea wale wanaopanga ratiba za vyuo.

Hoja yangu ni hii. Kijana anayechanganya masomo ya mwaka wa kwanza na michezo ya ushindani mara nyingi hashindwi kwa sababu ya uvivu, wala kwa sababu saa za juma hazimtoshi. Hushindwa kwa sababu chuo chenyewe kina mikono miwili isiyojuana: mmoja unamwita uwanjani, na mwingine unamwadhibu kwa kuitika.

Hebu tuhesabu pamoja, msomaji mpenzi. Juma lina saa 168. Mwanafunzi mwenye kozi saba, kila moja ikiwa na mihadhara ya saa tatu, atakaa darasani saa 21. Tumpe saa nyingine 21 za kujisomea maktabani. Mazoezi ya saa mbili kwa siku tano ni saa 10, na mechi ya mwisho wa juma pamoja na safari yake tuikadirie kuwa saa 12. Alale saa nane kila usiku, nazo ni saa 56. Jumla ni saa 120. Zinabaki saa 48 za kula, kufua nguo, kwenda kanisani au msikitini, kupanga foleni katika afisi ya fedha na kuzungumza na wenzake. Katika karatasi, basi, jambo hili linawezekana kabisa.

Matatizo huanza pale saa hizo zinapogongana. Mtihani wa Ijumaa alasiri na basi la timu linaloondoka Ijumaa adhuhuri kuelekea Mombasa, Kisumu au Eldoret haviwezi kupatanishwa kwa bidii, kwa sala wala kwa kukesha. Ni lazima kimoja kisogezwe, na mwenye uwezo wa kukisogeza si mwanafunzi.

Kwa nini nautaja mwaka wa kwanza hasa? Ni kwa sababu huo ndio mwaka ambapo kijana huhama kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine pasipo daraja. Katika shule ya upili, saa ya michezo ilikuwa ndani ya ratiba, baada ya masomo ya alasiri. Kulikuwa na mwalimu wa michezo aliyemjua mwalimu wa hisabati, na wawili hao wakikutana katika chumba cha walimu, jambo lilimalizwa kwa maneno machache. Kengele ilimwamsha mwanafunzi, kengele ikampeleka uwanjani, kengele ikamrudisha darasani. Aliporudi kutoka mashindanoni, alikuta wenzake wamemwekea madaftari.

Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri anayesimama mbele ya wanafunzi mia tatu hamjui hata mmoja kwa jina. Mkufunzi wa timu hamjui mhadhiri. Mwanafunzi mwenyewe hajui hata afisi ipi inashughulikia nini, na anaona haya kuuliza asije akaonekana mshamba. Wakati huo huo anajifunza kutafuta vitabu maktabani, kuandika insha za kitaaluma, kujipikia na kutumia pesa za mkopo zisije zikaisha kabla ya muhula kufika katikati. Huyu ndiye tunayemwambia ajipange. Kwa kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Miaka michache iliyopita, katika chuo kimoja nilichofundisha ambacho sitakitaja, kulikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa tegemeo la timu ya voliboli. Alikuwa amesamehewa nusu ya karo kwa masharti mawili: aichezee timu, na apite kozi zote katika mtihani wa kwanza. Katika mojawapo ya kozi hizo, jaribio la pili la muhula liliwekwa Ijumaa alasiri, siku ambayo timu ilikuwa ikisafiri kwenda mechi ya ligi ya Jumamosi asubuhi. Alipeleka barua ya idara ya michezo, yenye mhuri na saini, kwa mhadhiri wake. Akajibiwa kwamba jaribio halirudiwi. Akaenda kwa mkufunzi wake. Akajibiwa kwamba asiyesafiri hana nafasi katika timu, na asiye na nafasi katika timu hana msamaha wa karo. Akasafiri.

Mwisho wa muhula alikuwa na alama 11 kati ya 15 katika jaribio alilolifanya, sufuri kati ya 15 katika lile alilolikosa, na alama 26 kati ya 70 katika mtihani mkuu. Jumla ilikuwa 37. Alama ya kupita ni 40. Nilikuwamo katika kikao cha idara kilichoyatazama matokeo hayo, nami niliuliza ni kanuni gani inayosema jaribio lisirudiwe kwa mtu aliyetumwa na chuo chenyewe. Kitabu cha kanuni kikaletwa. Kilikuwa na kifungu cha mgonjwa na kifungu cha aliyefiwa. Kifungu cha mwanamichezo hakikuwamo. Kwa hivyo hapakuwa na aliyevunja kanuni: si mhadhiri, si mkufunzi, si afisi ya fedha iliyofuta msamaha wa karo juma lililofuata. Kila mmoja alifanya kazi yake ipasavyo, na msichana akaangamia katikati yao kwa alama tatu.

Wakati tukiketi katika kikao hicho, picha ya timu ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya jengo la utawala, wasichana wakiwa wameinua kombe juu. Yeye alikuwa wa pili kutoka kushoto. Aliomba likizo ya mwaka mmoja ili wazazi wake watafute karo, na aliporejea alikamilisha masomo yake. Mpira hakuurudia tena.

Najua kuna watakaosema kwamba hiyo ndiyo bei yake, kwamba kijana hutumwa chuoni kusoma na kwamba michezo ni anasa ya jioni. Wazee wenye mawazo hayo ni wengi, na baadhi yao huketi katika mabaraza ya vyuo. Ningewaomba wazitazame rekodi zetu wenyewe kabla ya kuamua.

Mwaka 1988, Paul Ereng alikuwa mwanafunzi mgeni katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya nchi hiyo katika mbio za mita 800, na mnamo Septemba akashinda dhahabu katika Olimpiki ya Seoul. Katika michezo iyo hiyo, dhahabu ya mita 1,500 ilinyakuliwa na Peter Rono, naye akiwa mwanafunzi wa chuo cha Mount St. Mary's, jimboni Maryland. Muongo mmoja kabla yao, mwaka 1978, Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Hapa nyumbani, Humphrey Kayange alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa nahodha wa timu yetu ya raga ya wachezaji saba kila upande, na mwaka 2021 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mnamo Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alisomea kemia katika chuo icho hicho. Mtu aliyewahi kusoma sayansi anajua kwamba kazi ya maabara haiazimwi kutoka kwa daftari la mwenzako. Ni sharti uwepo.

Hata hivyo, sitaki mtu ayatumie majina hayo kunipinga kwa kusema, "Mbona hao waliweza?" Tunawajua hao kwa sababu walifaulu. Wale walioanguka katika mwaka wa kwanza hawana rekodi, na hakuna anayewahesabu.

Liko jambo la pili ambalo historia yetu inatufunza, nalo linawahusu wale wanaowashauri vijana waache masomo ili wafuate mbio au mpira. Mike Boit alishinda nishani ya shaba katika mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Kufikia mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa wakimbiaji waliotarajiwa kutamba katika Olimpiki ya Montreal. Kenya ikaisusia michezo hiyo pamoja na mataifa mengine ya Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 nchi yetu ikasusia pia Olimpiki ya Moscow. Boit hakuwa na kosa lolote katika mambo hayo, lakini nafasi mbili za maisha zilimpita. Kilichobaki mikononi mwake ni elimu aliyokuwa akiitafuta huku akikimbia. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, akaendelea hadi akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Oregon, kisha akarudi nyumbani akawa Kamishna wa Michezo na profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Henry Rono naye alizikosa Olimpiki zote mbili kwa sababu zizo hizo. Maisha yake ya baadaye yalijaa dhiki ambazo yeye mwenyewe hakuzificha, hadi alipofariki mwaka 2024. Silinganishi watu hawa wawili ili kumlaumu mmoja. Nasema tu kwamba mguu wa mwanariadha ni mali isiyo na bima. Unaweza kuvunjika katika mechi ya Jumamosi, au siasa za dunia zikaufungia nje ya uwanja. Anayemwambia kijana achague mchezo na kuacha kitabu anamshauri vibaya sawa na yule anayemwambia achague kitabu na kuacha mchezo.

Wenzetu wamelishughulikiaje jambo hili? Nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo ni biashara kubwa, waliwahi kuamini kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea masomo tu. Hadi mwaka 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuichezea timu kuu ya chuo katika mashindano ya NCAA ya mpira wa vikapu wala futiboli ya Kimarekani. Baadaye walilegeza msimamo huo, lakini tangu mwaka 1991 kanuni zao zinasema kwamba katika msimu wa mashindano mwanafunzi asitumikishwe na timu kwa zaidi ya saa 20 kwa juma, wala zaidi ya saa nne kwa siku, na apewe siku moja ya mapumziko. Huko nako malalamiko hayakosekani, kwani wakufunzi wana njia zao za kuyaita mazoezi kwa majina mengine. Lakini angalau pana kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuishika mkononi na kusema kwamba imevunjwa.

Nchini Uingereza, vyuo vikuu vingi huiacha alasiri ya Jumatano bila mihadhara ili mashindano baina ya vyuo yachezwe. Nao Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 2012 wa kuzisaidia nchi wanachama kumwezesha mwanamichezo kusoma na kushindana kwa pamoja. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji mabilioni ya pesa. Alasiri ya Jumatano haigharimu kitu ila kalamu ya mpanga ratiba.

Kwa hivyo ningependa kutoa mapendekezo kwa wakuu wa vyuo vyetu.

Kwanza, kila idara ya michezo ipeleke ratiba ya mechi na majina ya wachezaji kwa msajili na kwa wakuu wa idara kabla ya juma la tatu la muhula. Mara nyingi ratiba za ligi hujulikana mapema, na mhadhiri anayeiona mapema hatakuwa na sababu ya kuweka jaribio siku ya safari.

Pili, kitabu cha kanuni kiongezwe kifungu kinachosema kwamba mwanafunzi aliyetumwa rasmi na chuo au taifa na akakosa jaribio atalifanya jingine la uzito uo huo katika muda wa siku 14. Isiwe hisani ya mhadhiri, iwe haki ya mwanafunzi. Pia mihadhara aliyoikosa kwa safari hiyo isihesabiwe dhidi yake wakati wa kutazama kiwango cha mahudhurio. Tangu janga la UVIKO-19 lilipovifunga vyuo mwaka 2020, vingi vimejifunza kufundisha kwa intaneti. Kumpa mchezaji mhadhara uliorekodiwa si muujiza tena.

Tatu, mwanamichezo wa mwaka wa kwanza aruhusiwe kuchukua kozi tano badala ya saba katika muhula wenye mashindano, na kufidia zilizobaki baadaye, bila kupoteza mkopo wake wala chumba chake cha bweni. Afadhali amalize shahada kwa miaka minne na nusu kuliko asiimalize.

Nne, msamaha wa karo unaotokana na michezo usiwe kamba ya kumnyongea mtu. Anayeanguka kozi moja apewe muhula mmoja wa kujirekebisha. Anayeumia akiichezea timu ya chuo asifutiwe msamaha huo akiwa angali kwenye plasta.

Kuna wahadhiri wenzangu watakaouliza kama hili si upendeleo. Je, mwanafunzi anayefanya kazi ya usiku ili ajilipie karo naye asemeje? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba siombi mwanamichezo aongezewe hata alama moja. Kipimo kibaki kile kile, mtihani uwe mgumu vile vile. Kinachosogezwa ni siku tu. Zaidi ya hayo, chuo hakimtumi mwanafunzi kwenda kufanya kazi ya usiku na kisha kikajisifu kwa kazi hiyo katika matangazo ya kuwavutia wanafunzi wapya. Mwanamichezo hutumwa, husafirishwa kwa basi la chuo akiwa amevaa rangi za chuo. Anayekutuma hana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi.

Nawe mwanafunzi, usidhani nimekuondolea wajibu wako. Kanuni haimwamshi mtu alfajiri. Wapelekee wahadhiri wako ratiba yako ya mechi katika juma la kwanza, wala usingoje usiku wa kuamkia safari. Tafuta wenzako wawili katika kila kozi mtakaobadilishana madaftari, nawe uwe wa kwanza kutoa. Soma ndani ya basi wakati wa kwenda, kwa maana wakati wa kurudi utakuwa umechoka au unashangilia. Usichezee timu mbili, ya chuo na ya klabu, katika mwaka wako wa kwanza, hata wakikuahidi pesa za nauli. Na usiibe saa za usingizi ukidhani hazina mwenyewe, kwa sababu zitakudai uwanjani na zitakudai katika chumba cha mtihani, na huenda zikakudai vyote katika juma moja.

Taifa hili limejipatia jina duniani kwa miguu ya vijana wake. Si haki kwamba kijana wa Kenya akitaka kukimbia na kusoma kwa pamoja, mara nyingi tumemwona akivuka bahari kwanza. Vyuo vyetu vina viwanja, vina wakufunzi na vina vijana. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja katika kitabu cha kanuni, ukurasa ambao seneti ya chuo inaweza kuupitisha katika kikao cha asubuhi moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umekuwapo muda mrefu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza watakaokuja muhula ujao wakute tayari umezibwa.